Vioja vya Kando ya Njia na Watu Wanaoviandika



Wahenga walisema, "Kuishi kwingi ni kuona mengi." Lau wangalikuwapo siku hizi za lami na magari, labda wangaliongeza ya kwamba kupita upesi ni kuona machache. Zamani mtu aliyesafiri kwa miguu alikijua kila kijito, kila mti wa kupumzikia, na kila jiwe lenye kisa. Siku hizi msafiri hupanda gari alfajiri, huegemeza kichwa dirishani, husinzia, na akiamka yuko mwisho wa safari. Ukimwuliza ameona nini njiani, hukujibu, "Hakuna kitu, ni pori tu na vijiji."

Walakini kitu kipo. Katika kila barabara niliyopata kupita pana mahali ambapo abiria mmoja hunyosha kidole na kusema, "Tazameni!" na gari zima hugeuza shingo. Pengine ni jiwe lililokaa juu ya jiwe jingine kama kichwa juu ya mabega. Pengine ni nyumba iliyojengwa kwa umbo la mnyama. Pengine ni ua wa mtu mmoja aliyepata wazo ambalo jirani zake hawakulipata. Vitu hivi ndivyo nivitajavyo hapa kuwa vioja vya kando ya njia. Si majumba ya wafalme wala si viwanja vya vita vikuu, maana hivyo vina walinzi wake na vitabu vyake. Kioja mara nyingi hakina mlinzi, wala hakina kitabu, wala hakuna akihesabuye kuwa mali. Ndiyo sababu hupotea upesi.

Nimefundisha shule kwa miaka 27, na katika miaka hiyo nimejizoeza kuandika habari za vioja hivi, na wanafunzi wangu nao wameingia katika kazi hiyo. Leo nataka kueleza kwa nini naiona kuwa kazi ya maana, wala si mchezo wa watu wasio na shughuli. Methali yetu yasema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Wafanyabiashara huitumia kwa fedha zao, mimi naitumia kwa vitu ambavyo mwenyewe ni kijiji kizima, na katika kijiji hicho hakuna hata mmoja aliyeviandika.

Nianze na kitu kinachojulikana na wengi, yaani Kimondo cha Mbozi. Mtu akisafiri kutoka Mbeya kwenda Tunduma, kisha akiacha barabara kuu na kushika njia ya pembeni, hufika kwenye mteremko wa kilima kiitwacho Marengi. Hapo hukuta kitu cheusi, kirefu kama mita 3, ambacho kwa mbali hukidhani kuwa jiwe la kawaida. Akikigonga hujua mara moja kuwa si jiwe, bali ni chuma. Wataalamu wamekadiria uzito wake kuwa tani 16 hivi. Sehemu kubwa, kama tisini katika mia, ni chuma, na karibu yote iliyobaki ni madini ya nikeli. Kilianguka kutoka mbinguni, nacho ni miongoni mwa vimondo vikubwa kabisa vijulikanavyo duniani. Shimo la kuangukia halionekani tena, wala wenyeji hawana hadithi ya siku kilipoanguka, na kwa hiyo yadhaniwa kwamba kimekaa pale muda wa maelfu ya miaka.

Katika vitabu imeandikwa kwamba kimondo hiki "kiligunduliwa" mwaka 1930 na mpima ardhi mmoja aitwaye W. H. Nott, aliyetoka Johannesburg. Wakati ule sehemu yake kubwa ilikuwa imefukiwa, ikaonekana sehemu ya juu tu. Baadaye udongo ukachimbwa pande zote, na nguzo ya udongo iliyobaki chini yake ikaimarishwa kwa saruji. Sasa, je, watu wa Mbozi hawakukijua kabla ya mwaka 1930? Walikijua sana. Walikiheshimu, wakakiogopa, wala hawakupenda kuwaambia wageni habari zake. Tofauti kati yao na Bw. Nott si macho. Macho walikuwa nayo wote. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na daftari. Aliandika mahali na mwaka, na kwa sababu hiyo jina lake latajwa mpaka leo, na majina ya wazee waliokijua kabla yake hayatajwi na mtu. Simlaumu mpima ardhi yule. Alifanya kazi yake. Lakini kila nisomapo neno lile "kiligunduliwa" huwaza ni mambo mangapi wazee wale waliyajua ambayo hayakupata kuandikwa, na ambayo sasa hayawezi kuandikwa tena.

Vioja vingine vina maelezo mawili, nayo yote mawili yafaa kuhifadhiwa. Karibu na Kakamega, nchini Kenya, mahali paitwapo Ilesi kando ya barabara ya Kisumu, limesimama jiwe refu kama mita 40, lenye kichwa na shingo kama mtu, na maji hulitiririka usoni hata siku ambazo mvua haikunyesha. Watu huliita Jiwe Liliapo. Mwalimu wa jiografia atakuambia ya kwamba maji ya mvua hukusanyika katika nafasi iliyo juu, kisha huvuja polepole. Mzee wa pale atakuambia sababu ya machozi yale, na namna watu walivyoyatazama kwa kupima baraka ya mavuno. Aandikaye la mwalimu peke yake amepata nusu ya habari, na aandikaye la mzee peke yake amepata nusu ya pili. Yafaa yaandikwe yote mawili, kila moja katika safu yake, na jina la aliyelisema.

Tena kuna vioja vilivyotengenezwa na watu waliokuwa mbali na kwao. Atokaye Nairobi kwenda Naivasha kwa njia ya chini, inayoteremka ukuta wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, hukuta kando ya mteremko kanisa dogo mno, ambalo watu wachache tu wakiingia limejaa. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita Waitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara ile. Malori hupita pale usiku na mchana. Nimewaona madereva wakisimama kitambo, wakivua kofia, kisha wakiendelea na mteremko wao. Mateka wale walirudi kwao baada ya vita, na kanisa lao limebaki likiwahudumia wasafiri wa nchi ambayo hawakuichagua.

Msomaji asidhani kwamba kupenda mambo haya ni tabia yetu peke yetu. Huko Marekani, ambako magari yalienea mapema kuliko kwetu, vioja vya njiani vilizidi kuwa vingi, na kisa chao kina mafundisho kwa ajili yetu. Katika mji wa Margate, pwani ya jimbo la New Jersey, mwaka 1881 mtu mmoja aitwaye James V. Lafferty alitaka kuuza viwanja vyake vya mchanga ambavyo hakuna aliyevitaka. Basi akajenga tembo. Alimjenga kwa mbao, akamfunika kwa bati, akampandisha hadi urefu wa futi 65, yaani karibu mita 20, kama nyumba ya ghorofa sita. Wateja walipanda ngazi iliyomo ndani ya mwili wa tembo mpaka mgongoni, na kutoka huko juu wakaonyeshwa viwanja. Baadaye tembo yule aliitwa Lucy. Katika miaka ya 1960 alikuwa amechakaa, mbao zimeoza, na watu walitaka kumbomoa. Wenyeji wakaunda kamati, wakachanga fedha, na mwaka 1970 wakamvuta kwa magurudumu hadi kiwanja kingine kilicho karibu. Mwaka 1976 serikali ya Marekani ikamweka katika daraja la makumbusho ya taifa. Yuko mpaka leo, na watu huingia ndani yake.

Lucy alipata kamati. Vioja vingi zaidi havikupata. Pembeni mwa barabara ndogo za Marekani palikuwa na duka lenye umbo la birika, na nyumba ya kulia chakula yenye umbo la samaki, na nyingine yenye umbo la kofia, zote zikiwaita wenye magari wasimame. Mwaka 1956 ilitungwa sheria ya kujenga barabara kuu mpya zipitazo mbali na vijiji. Magari yakahamia huko, wateja wakapungua, na birika na samaki na kofia zikaanza kuoza. Wenye elimu ya ujenzi wengi waliviona kuwa takataka.

Mtu mmoja aliona vingine. Jina lake John Margolies, aliyezaliwa mwaka 1940. Kuanzia miaka ya 1970 alikodi gari, akazunguka nchi nzima na kamera yake, mwaka hata mwaka, mpaka jumla ya safari zake ikapita maili 100,000, yaani kilometa 160,000. Alikuwa na desturi zake. Alipenda kupiga picha asubuhi, mbingu zikiwa samawati, pasiwepo gari wala mtu mbele ya jengo, ili lile jengo lililodharauliwa lionekane kwa heshima kama mtu aliyevaa nguo za sikukuu. Alifariki mwaka 2016. Picha zake 11,710 zimo katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na mtu yeyote aweza kuzitazama na kuzitumia bila kulipa. Majengo mengi yaliyomo katika picha zile yamekwisha kubomolewa. Mtu akitaka kuyaona leo, hana barabara ya kupita ila hiyo ya picha za Margolies.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu habari hii, kijana mmoja aliuliza, "Mwalimu, na sisi tunaye nani?" Nikamjibu kwamba tutakuwa naye siku ile mmoja wetu atakaponunua daftari. Kesho yake walichanga, wakanunua daftari kubwa la jalada gumu, na juu yake wakaandika: VIOJA VYA NJIA YETU.

Shule yetu imo katika Mkoa wa Kagera, karibu na barabara iendayo Mutukula na kuvuka mpaka hadi Masaka na Kampala. Mwaka mmoja tuliwapeleka wanafunzi Kampala, nasi tukasimama Kayabwe, mahali ambapo barabara ile inakatiza mstari wa ikweta. Pana duara jeupe limejengwa kila upande wa barabara, na kila msafiri apendaye hupigwa picha, mguu mmoja kaskazini na mguu mmoja kusini. Hapo tulimkuta kijana mwenye mabakuli yenye tundu chini. Alimimina maji upande wa kaskazini, akaweka ua dogo juu yake; ua likazunguka upande mmoja. Akaenda hatua chache kusini, akafanya vile vile. Ua likazunguka upande wa pili. Juu ya mstari wenyewe, maji yakashuka moja kwa moja bila kuzunguka. Wanafunzi wakapiga makofi, wakamlipa.

Katika gari msichana mmoja aliyekuwa mwandishi wa daftari akanikaribia. Akasema, "Mwalimu, nimetazama mkono wake wala sikutazama ua. Kaskazini alimimina kutoka kushoto, kusini alimimina kutoka kulia. Niandike nini?"

Swali hili lilinipendeza kuliko makofi yote. Wakati wa kurudi tulisimama tena, nami nikamwita kijana yule faragha, kwa kuwa sikutaka kumtia haya mbele ya wateja wake. Akaniamkia, "Shikamoo mwalimu." Nikamwitikia, nikamwuliza kwa upole habari ya kumimina. Akacheka kidogo, akatazama chini. Akasema, "Mwalimu, mstari huu hauonekani. Mtu ametoka mbali, ameshuka garini, anataka aone kitu. Mimi nami nina wadogo zangu wanaosoma." Sikuwa na neno la kumshinda. Alisema kweli juu ya wasafiri na juu ya wadogo zake, ingawa maji yake hayakusema kweli juu ya dunia.

Tulipofika shuleni tulitafuta bakuli, tukalitoboa, tukajaribu mara nyingi. Maji yalizunguka huku au kule kwa kadiri mkono ulivyoyamimina, ingawa sote tulikuwa upande ule ule wa kusini. Ndipo nikawafundisha sababu. Mzunguko wa dunia hakika hupinda njia za pepo na mikondo ya bahari, na vimbunga vya kaskazini huzunguka kinyume cha vile vya kusini. Lakini penye ikweta nguvu hiyo haipo, na hatua chache kutoka mstari ni kama haipo. Haiwezi kuamrisha maji ya bakuli. Mwaka 1962, katika jimbo la Massachusetts kule Marekani, mwalimu wa chuo aitwaye Ascher Shapiro alitaka kuiona nguvu hiyo ndani ya chombo. Alitumia chombo chenye upana wa futi 6, akayaacha maji yatulie muda wa siku nzima, usiku na mchana, kisha akayafungulia yatoke polepole sana. Hapo tu, mbali kaskazini mwa ikweta, maji yakaonyesha mzunguko wa dunia yenyewe. Mwaka 1965 wataalamu wengine walifanya vivyo hivyo Sydney, Australia, na maji yakazunguka upande wa pili.

Msichana yule akaandika ukurasa ambao mpaka leo nauhesabu kuwa bora katika daftari letu. Safu ya kwanza: Tulichoonyeshwa. Safu ya pili: Tulichojaribu wenyewe. Safu ya tatu: Alichosema kijana juu ya wadogo zake. Hakumwita mwongo. Hakuyaita maji yale muujiza. Yeyote asomaye ukurasa ule apata ikweta, apata elimu, na apata mtu.

Sasa nafika kwenye kioja kilichonifanya niandike barua hii. Mwendo mfupi kutoka shuleni, kando ya barabara, alikaa mzee mmoja fundi wa baiskeli. Katika nchi ya kahawa na migomba baiskeli ilikuwa mguu wa kila mtu, naye alizitengeneza kwa zaidi ya miaka arobaini. Mbele ya nyumba yake alikuwa na ua usio wa miti wala wa matofali, bali wa fremu za baiskeli kuukuu, zimesimamishwa wima ardhini, zimepakwa rangi nyeupe, na kila moja ina namba. Zilikuwa 34. Abiria wote walizijua, makondakta walipaita mahali pale "Baiskeli." Wengi walidhani mzee ana wazimu kidogo, na wengine walisema ni tangazo la kazi yake.

Kijana mmoja wa kidato cha pili alikwenda na daftari. Akasema, "Shikamoo babu." Mzee akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu, tairi limepasuka?" Kijana akajibu, "Hapana babu, nimekuja kuuliza habari za ua." Mzee akanyamaza kitambo, kisha akamwambia kwamba katika miaka yote hiyo watu wameupiga picha, lakini hajatokea hata mmoja aliyemwuliza.

Akamweleza. Kila fremu ilikuwa ya mtu. Baiskeli ilipokufa, au mwenyewe alipokufa na watoto wakaileta iuzwe, mzee aliibakiza fremu na kuipa namba. Namba 3 ilikuwa ya katekista aliyezunguka vigango vitano kila juma. Namba 17 ilikuwa ya mkunga aliyeamshwa usiku, na mzee alimfungia taa ya pili bure kwa sababu mtoto wake mwenyewe alizaliwa mikononi mwa mama yule. Namba 22 ilibeba magunia ya kahawa hata ikapinda, na upindo wake ulionekana. Kijana akauliza, "Babu, mbona namba 9 umeisimamisha kichwa chini?" Mzee akasema, "Huyo aliazima pampu yangu, hakuirudisha mpaka alipofariki." Akauliza tena, "Na namba 34?" Mzee akasema, "Hiyo ni yangu."

Kijana aliyaandika yote 34 kwa majina, kazi, na vijiji. Ilimchukua jioni sita. Mwalimu mwenzangu mmoja alimwona akienda na kurudi, akaniambia, "Mtihani hautamwuliza baiskeli." Ni kweli, haukumwuliza.

Mwaka uliofuata barabara ikapanuliwa. Ua ulikuwa ndani ya eneo la barabara, nao ukaondolewa, na wanunuzi wa chuma chakavu wakazichukua fremu kwa kilo. Mzee hakugombana na mtu. Alikaa kwenye kiti chake akitazama mahali pale penye matundu 34 ardhini, mpaka nayo yakafukiwa kwa kifusi. Kabla mvua za masika hazijaisha, akafariki.

Siku ya pili ya matanga mjukuu wake, msichana aliyekuwa akimsaidia kazi, alikuja shuleni. Akasema, "Mwalimu, nimesikia mnayo orodha ya babu. Nyumbani watu wanabishana namba zilikuwa za nani, na aliyejua alikuwa yeye peke yake." Nikamletea daftari. Akasoma akiwa amesimama, kurasa zote, kisha akaomba alichukue hadi kesho yake.

Jioni ile orodha ilisomwa mbele ya watu. Nilikuwapo. Kila namba ilipotajwa, ndugu za mwenyewe walisimama, hapa mmoja, pale watatu. Waliposoma namba 17, nusu ya waliokuwapo walisimama, maana mkunga yule ndiye aliyewapokea duniani. Iliposomwa namba 9 na sababu ya kupinduliwa, watu walicheka katikati ya msiba, na mwanaume mmoja mwenye mvi akasimama bila kusema neno. Asubuhi yake alikuja na pampu mpya, akamkabidhi yule msichana. Msichana huyo ndiye fundi wa mahali pale sasa.

Wasomaji, fremu zile hazipo tena. Kama tungalikuwa na picha peke yake, tungalikuwa na picha ya ua mweupe, na mjukuu asingalipata alichokuja kukitafuta. Siku hizi kila kijana ana simu yenye kamera, na hiyo ni baraka. Lakini picha haina ulimi. Margolies mwenyewe aliandika chini ya picha zake jina la mahali na mwaka.

Kwa hiyo naomba kila shule, na kila nyumba yenye mtu ajuaye kusoma na kuandika, iwe na daftari moja la jambo hili. Namna yake si ngumu. Andika siku, mwezi na mwaka, na mahali, tena kwa maneno ambayo mgeni ataweza kuyafuata. Pima, hata kwa hatua za miguu. Tenga uliyoyaona na uliyoambiwa, na kama una dhana yako, iandike peke yake na uiite dhana. Andika jina la aliyekusimulia, ikiwa amekubali. Mahali ambapo wenyeji wanapaheshimu au wanapaficha, omba ruhusa kwanza, na wakikukatalia rudi nyumbani kwa adabu. Wala usingoje kitu kiwe kikubwa. Tembo wa bati alikuwa mkubwa akaonwa na wote. Ua wa baiskeli ulikuwa wa kimo cha mtoto.

Tena usichelewe. Jiwe laweza kungoja miaka elfu. Mzee alijuaye hawezi.

Ni mimi mwalimu mwenzenu,
Kagera.